Mlango wa Mahakama: siku tisa nikimfuata Wakili Juárez

Siku ya 1. Mexico City hadi Oaxaca

Basi limetoka saa moja asubuhi, na binti wa kaka yangu amelala kabla hatujaumaliza mji. Anasoma huku, mwaka wa pili sasa, nami nimemnyang'anya likizo yake nzima ili anitafsirie Kihispania. Jana usiku aliniuliza swali waliloniuliza wote nyumbani: "Shangazi, watu wakija Mexico wanakwenda kuona mapiramidi. Wewe unamfuata mwanasheria aliyekufa 1872?"

Nilimtolea noti ya peso 500. Sura iliyopo ni ya Benito Juárez, rais wa Mexico wa karne ya 19, uso wa mawe, nywele zimelazwa kando, koti jeusi. Kwenye noti hiyo hiyo amechorwa akiingia mji mkuu ndani ya gari la farasi, mwaka 1867. Nikamwambia huyu bwana alikuwa wakili kabla hajawa rais, na kwamba kuna mlango mmoja wa kisheria katika maisha yake unaonisumbua tangu chuoni. "Mlango gani?" Nikasema tutaufikia.

Mimi ni wakili wa Mwanza, mzaliwa wa Bukoba. Siasa nimeziona kwa wateja na kwa wenzangu waliohama chemba wakaenda bungeni, wengine wakarudi hawatambui tena wanachokitetea. Nilitaka kumtazama mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho.

Karibu saa saba njiani. Milima ya kahawia, mipungate mirefu kuliko mtu. Oaxaca tumefika mchana, jua kali lakini hewa ya ubaridi, kwa kuwa mji uko mita 1,550 juu ya bahari.

Siku ya 2. Oaxaca

Sokoni kabla ya yote. Mama mmoja ana beseni limejaa wadudu wekundu waliokaangwa kwa pilipili, chumvi na ndimu. Wanawaita chapulines. Mhaya haelezwi hapo: hawa ni panzi, wadogo kuliko senene wetu na wakavu zaidi, lakini ukoo ni mmoja. Nilinunua vipimo viwili. Mama akaniangalia nikitafuna bila kusita, akaniongeza kiganja cha bure.

Kisha nyumba. Ipo mtaa wa García Vigil, chini, na ua katikati. Ilikuwa ya Antonio Salanueva, fundi wa kujalidi vitabu, mcha Mungu aliyevaa kanzu ya Wafransisko ingawa hakuwa padri. Desemba 1818 Juárez, kijana wa miaka 12, alishuka mjini kwa miguu kutoka milimani, akaenda kwa dada yake María Josefa, aliyekuwa mpishi katika nyumba ya Antonio Maza. Kihispania alikijua kwa kubahatisha tu, lugha yake ilikuwa Kizapoteki, ya wenyeji wa milima ile. Wiki chache baadaye Salanueva akamchukua amsaidie kazi, naye amsomeshe.

Tumesimama kwenye chumba chenye vifaa vya kujalidia. Nimekaa hapo kuliko kwingine kote. Nilimfikiria mtoto anayeshona kurasa za vitabu asivyoweza kuvisoma bado, vidole vimejaa gundi.

Salanueva alimtaka awe padri, akampeleka seminari mwaka 1821. Juárez alivumilia miaka kadhaa, kisha 1828 akahamia Chuo cha Sayansi na Sanaa, kilichokuwa kimefunguliwa mwaka uliotangulia, ambacho mapadri walikiona pango la wazushi. Sheria akaisomea hapo. Mwaka 1831 akaingia baraza la mji, 1833 bunge la jimbo, na Januari 1834 akapata cheti cha uwakili. Angalia mpangilio huo: siasa ilitangulia leseni.

Jambo moja la kidaku kabla sijalala. Mwaka 1843, akiwa na miaka 37, alimuoa Margarita Maza, wa miaka 17, binti wa nyumba ile ile ambayo dada yake alipikia. "Mdogo wa mpishi kaoa binti wa mwenye nyumba," binti akasema. "Hii nyumbani ingekuwa tamthilia ya saa tatu usiku."

Siku ya 3. Guelatao

Gari dogo la abiria, kama saa moja na nusu, barabara imejikunja kama utumbo wa mbuzi. Mwanamke mbele yetu alikuwa na mfuko wake tayari, na aliutumia.

Guelatao ni kijiji kidogo kwenye safu ambayo leo inaitwa Sierra Juárez. Kuna ziwa dogo la kijani, na kando yake sanamu ya mtoto mchungaji na kondoo. Alizaliwa hapa tarehe 21 Machi 1806. Wazazi wake, Marcelino na Brígida, walikufa akiwa na miaka mitatu. Bibi na babu wakamlea, nao wakafa. Akabaki na ami yake, Bernardino.

Kuondoka kwake kuna masimulizi mawili. Watu husimulia kwamba wapita njia waliokuwa na nyumbu walimwibia kondoo mmoja, akaogopa kipigo, akatoroka. Yeye mwenyewe, katika kumbukumbu alizowaandikia wanawe, anasema alikwenda kutafuta elimu. Kijijini hapakuwa na shule. Ami alimfundisha kusoma alipopata nafasi, na mtoto ndiye aliyekuwa akimpelekea mjeledi ili achapwe asipokuwa ameshika somo. Nimelisoma hilo kwa sauti kando ya ziwa nikasita. Shuleni kwetu aliyeteleza akasema Kihaya alivishwa kibao shingoni, na hakuna aliyekiomba. Huyu alijipelekea fimbo mwenyewe kwa sababu aliona Kihispania ndiyo ngazi. Sijui kama namhurumia au namwonea wivu.

Mzee mmoja aliyekuwa akifagia majani alizungumza na binti, wakacheka, kisha akasema kitu kirefu. Tafsiri: "Anasema huyu ni mtoto wao na wanamheshimu, ila sheria za wenzake ziliuma vijiji."

Mzee yuko sahihi, na ni jambo linaloachwa nje ya hotuba za Machi 21. Mwaka 1856 serikali ya waliberali, watu waliotaka kupunguza nguvu za Kanisa na jeshi, ambayo Juárez alikuwa mtu wake, ilipitisha Sheria ya Lerdo. Vyombo vyote vyenye ardhi kwa pamoja viuze mashamba yao kwa watu binafsi. Shabaha kuu ilikuwa Kanisa, lililoshikilia ardhi kubwa. Lakini maandishi ya sheria yalizikumba pia ardhi za pamoja za vijiji vya wenyeji, na miaka iliyofuata wenye pesa wakaitumia. Kwa sisi tunaofanya kesi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hili halihitaji maelezo. Kijiji kisichomilikiwa na mtu mmoja kinaonekana, kwa macho ya aliyeko mjini, kama kijiji kisicho na mwenyewe. Ajabu ni kwamba aliyekuwa mjini safari hii alitoka hapa.

Mzee alikataa pesa. Alikubali chapulines.

Siku ya 4. Oaxaca tena

Tumbo. Sijatoka chumbani mpaka alasiri, kwa hiyo nimesoma.

Kesi ya Loxicha nilikuwa naijua kwa muhtasari tu. Mwaka 1834 wanakijiji wa Loxicha walikuja kwa wakili mpya kulalamikia padri wao aliyewatoza ada kupita kiasi, na Juárez akaichukua. Padri, hata hivyo, hakushtakiwa kama watu wengine. Wakati huo mapadri na wanajeshi walikuwa na mahakama zao wenyewe, kinga iliyoitwa fuero. Ukimshtaki padri, unamshtaki mbele ya mapadri. Upepo wa siasa ulipogeuka wanakijiji wakatiwa ndani, na wakili alipokwisha kwenda Miahuatlán kuwafuatilia na kurudi Oaxaca, naye akakamatwa kwa madai ya kuchochea watu. Alikaa mahabusu siku tisa. Anaandika kwamba hapo ndipo alipoazimia kufanya kazi daima kuvunja nguvu za tabaka zenye upendeleo.

Sasa ruka miaka 21. Tarehe 23 Novemba 1855, akiwa Waziri wa Sheria, anatoa sheria inayobeba jina lake, Ley Juárez, inayoziondolea mahakama za mapadri na za jeshi mamlaka juu ya kesi za madai. Nchi inatikisika. Nimewahi kuona wenzangu wakipoteza kesi na kuapa kwamba ipo siku. Huyu alikumbuka kwa miaka 21, akarudi na kalamu ya waziri.

Katikati hapo alikuwa jaji wa madai, kisha gavana wa Oaxaca tangu 1847 hadi 1852. Wanamsifu kwa barabara, shule na hesabu safi. Sawa.

Siku ya 5. Njiani

Basi kwenda Veracruz. Joto linapanda kadiri tunavyoshuka. Hakuna la kuandika ila kwamba dereva alipiga wimbo mmoja mara nne.

Siku ya 6. Veracruz

Ngome ya San Juan de Ulúa nimeigusa ukuta nikacheka. Mawe ya matumbawe! Kama Kilwa, kama Mji Mkongwe. Mhispania naye alijenga kwa kilichotoka baharini.

Ni hapa Juárez alipofungwa mwaka 1853, kabla ya kupakiwa melini kupelekwa Havana. Aliyemfukuza nchini ni Santa Anna, jenerali aliyekuwa ameingia na kutoka ikulu mara nyingi kuliko mgeni hotelini. Juárez akiwa gavana alikuwa amemkatalia kuingia Oaxaca. Santa Anna aliandika baadaye kwamba chuki ile ilianza 1829, kwa kuwa Juárez alimhudumia mezani akiwa peku. Yaani jenerali huyo hakuweza kufikiri kwamba mtu aliyemwandalia chakula angeweza kuwa na sababu nyingine yoyote ya kumpinga.

Kutoka Havana akaenda New Orleans, na inasimuliwa kwamba huko alisokota sigara ili ale. Margarita, huku nyuma, alifungua duka dogo Etla, karibu na mji wa Oaxaca, na kulea watoto.

Alirudi 1855, Santa Anna alipoangushwa. Ikaja Katiba ya tarehe 5 Februari 1857, na Desemba mwaka huo Juárez akawa Rais wa Mahakama ya Juu. Huo ndio mlango wangu. Katiba ilisema kiti cha rais wa nchi kikiwa wazi, Rais wa Mahakama ya Juu ndiye atakayekikalia. Majuma machache baadaye Rais Comonfort akaipindua katiba aliyoiapia, akamweka Juárez kizuizini, kisha akajuta akamwachia. Comonfort akaanguka, na tarehe 19 Januari 1858, mjini Guanajuato, Juárez akatangaza kwamba rais sasa ni yeye. Hakupigiwa kura ya urais. Hakuwa na jeshi la maana. Alikuwa na kifungu.

Guadalajara askari walioasi walimwelekezea bunduki. Rafiki yake Guillermo Prieto akajitupa mbele akapaza sauti kwamba mashujaa hawaui kwa hila, bunduki zikashuka. Kisha Manzanillo, Panama, Havana, New Orleans, na Mei 1858 akashuka hapa Veracruz. Alizunguka nusu ya dunia yao ili atoke pwani moja ya nchi yake hadi nyingine.

Mji huu ukawa makao yake. Julai 1859 alizitoa hapa Sheria za Mageuzi: mali za Kanisa kuwa za taifa, ndoa kufungwa kiserikali, vizazi na vifo kuandikwa na serikali, makaburi kutoka mikononi mwa mapadri. Ukienda leo kuomba cheti cha kuzaliwa, umekaa kwenye foleni ya wazo hilo.

Jioni tulikunywa kahawa ya maziwa. Unagonga glasi kwa kijiko, mhudumu anakuja na birika na kumwaga maziwa ya moto kutoka juu. Kahawa nzuri, ingawa mtu wa Bukoba aliyezoea kuitafuna haombi ruhusa kusema yetu ni bora.

Na jambo hili lazima niliandike. Mapema 1863, Wafaransa walipoivamia nchi, mtawala wa Misri Said Pasha alimpa Napoleon III, mfalme wa Wafaransa, askari 447 wa Sudan. Walipandishwa meli Alexandria, wakaletwa hapa walinde pwani, kwa imani kwamba Mwafrika haugui homa ya manjano. Watu weusi wa Mto Nili, wakipigana upande wa mfalme dhidi ya rais Mzapoteki, kwa ugomvi wa madeni ya Ulaya. Binti alinyamaza muda mrefu. "Waliulizwa, Shangazi?" Hawakuulizwa.

Siku ya 7. Puebla, kisha basi la jioni

Ngome za Loreto na Guadalupe, tarehe 5 Mei 1862, Jenerali Zaragoza akawarudisha Wafaransa nyuma. Wamarekani wanaisherehekea kuliko wenyeji. Mwaka mmoja baadaye Puebla ilianguka baada ya kuzingirwa miezi miwili.

Chanzo kilikuwa deni. Juárez alirudi mji mkuu Januari 1861, mshindi wa vita vya ndani dhidi ya wahafidhina, na hazina tupu. Julai akasimamisha kulipa madeni ya nje kwa miaka miwili. Uingereza, Hispania na Ufaransa zikatuma meli. Mbili zikaondoka, Ufaransa ikabaki, ikamleta Maximilian wa Austria awe mfalme.

Ndani ya basi la Querétaro nilimsimulia binti safari ambayo hatuna muda wa kuifanya. Tarehe 31 Mei 1863 Juárez aliuacha mji mkuu na serikali yake ndani ya magari ya farasi: San Luis Potosí, Saltillo, Monterrey, Chihuahua, hadi Paso del Norte mpakani na Marekani, mji ambao leo ni Ciudad Juárez. Nyaraka za taifa zilipakiwa mikokoteni 11 ya ng'ombe na kufichwa pangoni huko Coahuila, na wanakijiji walioitunza siri hiyo waliteswa, wengine wakafa bila kuitoa. Margarita alikuwa Marekani na watoto. Wawili wa kiume walimfia New York.

"Na mlango?" binti akauliza.

Muda wake wa urais uliisha Novemba 30, 1865. Uchaguzi haukuwezekana, nchi imekaliwa. Nani ashike? Kifungu ni kile kile: Rais wa Mahakama ya Juu. Wakati huo alikuwa Jenerali Jesús González Ortega, naye, katiba mkononi, alidai zamu ni yake. Tarehe 8 Novemba Juárez akatoa amri ya kujiongezea muda hadi vita viishe, akitegemea mamlaka ya dharura aliyopewa na bunge. Siku hiyo hiyo akamtangaza González Ortega kuwa mtu wa kushtakiwa, kwa kukaa nje ya nchi bila ruhusa wakati wa vita. Aliyeitia saini pamoja naye ni waziri wake, Sebastián Lerdo de Tejada. Baadaye González Ortega akakamatwa, akashikiliwa hadi 1868.

Binti ni mkali. "Aliingia kwa mlango huo, akaufunga nyuma yake."

Nikajitahidi kumtetea, kazi yangu ni hiyo. Kubadili kiongozi jangwani, adui akiwa mlangoni, ni kuvunja upande wako mara mbili. Guillermo Prieto, aliyekinga risasi kwa kifua chake, naye alimpinga kwa hili. Hoja yangu ilikuwa nzuri. Kifungu, hata hivyo, hakikuandika "isipokuwa jangwani".

Siku ya 8. Querétaro

Wafaransa walipoondoka, Maximilian alikamatwa mji huu, na ukumbi wa maonyesho ambamo alihukumiwa, Juni 1867, bado upo, umepambwa vizuri. Jukwaani waliketi luteni kanali mmoja na makapteni sita, wakamhukumu mfalme ambaye hakufika, kwa kuwa alisema ni mgonjwa. Sheria iliyotumika ni ya Juárez, ya tarehe 25 Januari 1862: anayesaidia uvamizi, kifo.

Mawakili wa utetezi walikuwa wanne, na ndio walionifanya nikae kwenye kiti cha nyuma mpaka mlinzi akakohoa. Eulalio Ortega na Jesús María Vázquez walisimama hapa ukumbini. Mariano Riva Palacio na Rafael Martínez de la Torre walikwenda San Luis Potosí kumwomba Juárez mwenyewe. Hawakuwa watu wa mfalme. Riva Palacio alikuwa mliberali mkongwe. Walimtetea kwa sababu alihitaji wakili. Hoja yao kubwa: Katiba ya 1857, kifungu cha 23, ilikuwa imefuta adhabu ya kifo kwa makosa ya kisiasa. Jibu liko kwenye kifungu hicho hicho, kinachomwacha nje msaliti katika vita na taifa la kigeni. Lakini Mwaustria anaisalitije Mexico?

Nilipokuwa chuoni ningesema kesi imekwisha, achiliwe. Leo nakumbuka pia kwamba Maximilian, tarehe 3 Oktoba 1865, alitia saini amri ya kuwaua wapiganaji wa jamhuri ndani ya saa 24 baada ya hukumu, na watu waliuawa kwayo. Juárez alikataa maombi yote, ya mabalozi, ya wafalme, ya mwanamke aliyempigia magoti. Tarehe 19 Juni, kwenye kilima cha Cerro de las Campanas, Maximilian alipigwa risasi pamoja na majenerali Miramón na Mejía.

Tumepanda kilima. Kuna kanisa dogo la kumbukumbu lililojengwa kwa pesa za Austria, na juu yake kabisa sanamu ya jiwe ya Juárez, kubwa mno, imelipa kisogo. Aliyeichagua sehemu hiyo hakuwa na haya.

Siku ya 9. Mexico City

Asubuhi Chapultepec. Gari jeusi la farasi la Juárez lipo, dogo kuliko nilivyotarajia, na makumbusho yenyewe ni kasri alimoishi Maximilian, ambaye gari lake la fahari, la dhahabu, nalo limehifadhiwa humo. Nimepiga picha la jeusi tu.

Alichaguliwa tena 1867, na tena 1871, na hapo marafiki wa zamani wakachoka. Porfirio Díaz, shujaa wa vita na mtu wa Oaxaca vilevile, akaasi akipinga marais wasiotoka. (Huyo Díaz baadaye atakaa zaidi ya miaka 30. Sisemi kitu.) Margarita alikuwa amefariki Januari 1871.

Alasiri, makaburi ya San Fernando. Juárez amechongwa kwa marumaru amelala, kichwa mapajani mwa mwanamke ambaye ni taifa. Miramón naye alizikwa hapa, lakini inasimuliwa mjane wake alimhamishia Puebla asilale jirani na aliyemuua. Kaburi lenye jina lake bado lipo, tupu.

Juárez alikufa usiku wa tarehe 18 Julai 1872, ndani ya Ikulu ya Taifa, kwa moyo. Daktari alimmwagia maji yanayochemka kifuani ili kuuamsha. Inasemekana hakulia.

Binti alikuwa ameegemea uzio, anahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo alikufa akiwa rais. Kiti kikawa wazi. Nani aliingia?"

"Rais wa Mahakama ya Juu. Siku iliyofuata, kabla marehemu hajazikwa."

"Kwa kifungu kile kile?"

"Kile kile."

"Jina lake?"

"Sebastián Lerdo de Tejada."

Alinitazama. "Yule waliyetia saini naye jangwani?"

Akacheka mpaka mlinzi akageuka. Tukatoka. Ndege yangu ni saa nne usiku, na bado nina kipimo kimoja cha chapulines ambacho sijui forodha watasemaje.